Tuliandika Nne

Novemba 18, 2024

Mvua ya kwanza ya maana imepiga leo kuanzia saa tatu asubuhi, na mkubwa wetu mpya ameingia nayo. Tulikuwa tumejipanga kwenye veranda ya utawala kumpokea. Akashuka garini na viatu vyeusi vinavyong'aa, akayatazama matope, akayakanyaga bila kuuliza njia nyingine. Nikampenda hapo hapo. Anaitwa Dokta Amedeus, ndiye mganga mfawidhi wa hospitali yetu kuanzia leo. Hotuba yake ilikuwa fupi: usafi, muda, na kwamba kila tatizo lina mwenyewe.

Nimeanza daftari hili kwa sababu kila msimu wa mvua wodi ya wazazi hujaa, na kichwa changu hakibebi tena kama zamani. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa ukunga hapa. Mwenzangu wa zamu ni Rosine, binti wa Katumba, muuguzi wa mkataba, mimba yake ya kwanza imeanza kuonekana. Haongei. Mimi naona anaringa.

Novemba 21

Vyoo vya wagonjwa vimesafishwa mpaka unaweza kuvitamani. Waliozoea kufika saa tatu leo wamefika saa moja wakihema. Nimecheka peke yangu.

Novemba 25

Dokta Amedeus amepiga marufuku utani kazini.

Ilianza na Kasimiri wa maabara. Kasimiri ni Mnyamwezi, mimi Mfipa, na sisi ni watani tangu mababu. Kila asubuhi akija kuchukua sampuli lazima anichokoze. Leo kakuta mlango wa friji letu la dawa umeachia, akasema kwa sauti ya wodi nzima kwamba Mfipa hawezi kufunga mlango kwa sababu kwao milango ilikuja na reli, na reli yenyewe haijafika. Wazazi wakacheka na matumbo yao. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi anajua sana milango kwa kuwa alizoea kubebeshwa mizigo ya watu mpaka mlangoni. Halafu nikaufunga ule mlango.

Dokta alikuwa nyuma yetu. Alisema taratibu kwamba mbele ya mgonjwa hakuna makabila, kuna watumishi. Kuanzia leo ni "Muuguzi Evaline" na "Mtaalamu Kasimiri". Sikuweza kubisha, maana mtu akilisikia kwa mbali ni jambo la haki kabisa.

Ila huyu mgeni hajui jambo moja. Chini ya Matroni Donatille, aliyestaafu Agosti, utani ndio uliokuwa ukaguzi wetu. Mtu akisahau kuandika dawa, hakuna aliyemsema. Alitafutwa mtani wake, akamchambua mpaka akarekebisha, na hakuna aliyenuna, kwa sababu mtani hanuniwi.

Desemba 3

Mvua. Wazazi saba. Kasimiri kapita akasema, "Habari za kazi, Muuguzi Evaline," akaondoka. Mlango wa friji ulikuwa umeachia tena. Hakusema kitu.

Desemba 12

Umeme ulikatika jana mchana ukarudi leo alfajiri. Nilipofungua friji la dawa kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tatu. Humo ndimo tunamotunza oksitosini, ile sindano anayochomwa kila mama mtoto akishatoka, ili kizazi kikaze na damu isimwagike. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi mbili na nane. Ikikaa kwenye joto inapungua nguvu kidogo kidogo, na kwa macho huwezi kuijua iliyokufa na iliyo hai. Zote ni maji meupe kwenye chupa ndogo.

Umeme si shida, hukatika kila mwaka. Shida ni mpira wa mlango. Umelegea. Ukifunga usipousukuma kwa goti, unaachia wenyewe.

Nikajaza kumi na tatu kwenye fomu iliyobandikwa ukutani kando ya friji, nikalipeleka jambo hilo kwenye ripoti ya asubuhi. Nilijiona mtumishi mwema. Dokta Amedeus akaniambia nisimame.

"Tatizo hili ni la nani?" akauliza.

Nikasema ni la mpira wa mlango. Watu wakaguna kidogo kwa kicheko. Yeye hakucheka. Akasema mpira hauna cheo wala zamu, na jana zamu ilikuwa yangu. Akaendelea na wodi nyingine huku mimi nimesimama. Dakika arobaini. Wanafunzi wa mazoezi walikuwepo, na wahudumu niliowafundisha mimi kukata kitovu. Rosine alikuwa kakaa pembeni yangu, mkono juu ya tumbo, anatazama sakafu.

Mpira wa mlango haukutajwa tena.

Desemba 13

Nimeandika barua ya kujieleza. Jina langu limebandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya maneno WAHUSIKA WA WIKI. Nyumbani Kawajense mume wangu kaniuliza kwa nini napiga masufuria. Nimemjibu vibaya, naye hana kosa.

Desemba 20

Leo asubuhi Rosine alinifuata nikiwa navaa glavu. Alinong'ona.

"Dada Evaline, friji linasoma kumi na moja. Niandike?"

Mkataba wake unaisha Juni. Wa mkataba akibandikwa ubaoni mara moja, harudishwi. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake vizuri: haringi huyu, anaogopa. Nilimhurumia kama mdogo wangu wa tumbo moja.

"Andika nne," nikamwambia.

Akaniangalia kidogo, akaandika. Ana mwandiko mzuri, wa kunyooka. Nikausukuma mlango kwa goti, tukaendelea na kazi. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa namwokoa.

Desemba 25

Watoto watano wa Krismasi. Nne asubuhi, nne jioni.

Januari 8, 2025

Tumepata wageni wa ukaguzi kutoka mkoani. Wamezunguka kila wodi. Walipofika kwetu mmoja akasimama mbele ya ile fomu ya friji, nne tupu kuanzia juu mpaka chini, akaipiga picha kwa simu. Akasema wodi chache zina utulivu wa namna hii. Dokta Amedeus alinishika bega mbele yao, akasema, "Huyu nilimsimamisha mwezi uliopita. Mnaona?"

Nilitabasamu. Aibu ya kutabasamu nimekuja kuisikia jioni, nikisonga ugali.

Januari 14

Mvua siku ya sita. Wakulima wa Kasokola wanasema mahindi yameanza kuwa manjano kwa maji. Nne.

Januari 22

Mama wa leo kachomwa sindano mbili ndipo damu ikatulia. Wa jana pia mbili. Zamani moja ilitosha. Mhudumu mmoja kasema ni mvua hizi, zinafanya damu kuwa nyepesi. Nikaitikia. Kwa miaka tisa sijawahi kusikia mvua inaifanya damu kuwa nyepesi, na bado nikaitikia.

Februari 4

Kasimiri kaja wodini akiwa na kikaratasi. Kasimama wima mbele ya meza yangu na kuongea kana kwamba tumekutana leo kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba kwa kawaida wodi yetu huomba damu ya kuongezewa wazazi mara mbili tatu kwa mwezi, lakini Januari tumeomba mara tisa. Anaomba nimsaidie kuelewa.

Mwaka jana angeingia akipiga kelele kwamba Wafipa tumeanza kunywa damu kwa kuwa dagaa wameadimika ziwani, nami ningemfukuza na sahani ya chuma, na katikati ya kelele ningemwambia. Najua ningemwambia. Leo alisimama na karatasi, nami nikaona barua nyingine ya kujieleza imesimama mbele yangu.

"Mtaalamu Kasimiri," nikamwambia, "kama una tatizo na wodi yangu, lipeleke kwenye ripoti, uambatanishe jina la mhusika."

Akakunja karatasi yake vizuri. "Sawa, Muuguzi," akasema. Hakuipeleka kwenye ripoti. Nilijua hataipeleka, ndiyo maana nilimwambia.

Februari 9

Rosine kaniambia hatajifungulia hapa.

Tulikuwa tunakunja vitambaa. Alisema wakati ukikaribia ataenda kwa mama yake Katumba, kuna zahanati karibu. Nikamtania kwamba muuguzi anayekimbia wodi yake ni mpishi anayekula kwa jirani. Hakucheka.

"Dada, mimi na wewe tunajua ninachokikimbia," akasema.

Nikachukua kitambaa kingine. Tulikunja mpaka vyote vikaisha. Usiku nilijiambia labda kipimajoto ndicho kibovu, maana kuna siku kinasoma tano au sita kabisa bila mtu kugusa kitu. Nimelala na mawazo hayo kwa sababu yananifaa.

Februari 17

Vidonge vya akiba vya kuzuia damu vimekwisha stoo. Gari la dawa linasubiriwa. Nne.

Machi 7

Leo amekufa mama.

Jina lake Marsela, mkulima wa Kasokola, uzazi wa tano. Alikuja kwa miguu yake saa mbili asubuhi akiwa na beseni, khanga na mama mkwe. Alikuwa mcheshi. Aliniuliza kama hospitali ina kitanda kisicholia, maana cha uzazi uliopita kilikuwa kinalia kuliko yeye. Saa tano na nusu akajifungua mtoto wa kiume, mzito, akalia vizuri. Nikamchoma sindano. Nikaweka mkono tumboni kusikilizia kizazi kikaze kiwe kigumu kama embe bichi.

Hakikukaza. Kilikuwa laini chini ya mkono wangu kama unga uliotiwa maji mengi. Nikachoma ya pili. Damu ikaja na nguvu. Nikatundika dripu yenye chupa nne za dawa ndani yake, Rosine akakandamiza kwa mikono miwili mpaka jasho likamdondoka puani, na tumbo lake mwenyewe la miezi minane limegusa kitanda. Dokta Amedeus akaja mbio, koti halijafungwa vifungo. Kasimiri akaleta chupa mbili za damu, akarudi kutafuta ya tatu.

Marsela aliniuliza, "Sista, ni kawaida hii?" Nikamwambia ni kawaida. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu.

Saa saba na robo. Mama mkwe alikuwa veranda na mtoto, anamwimbia. Nilimwendea mimi. Hakupiga kelele. Alinishika mikono akanishukuru kwa kuhangaika. Natamani angenipiga.

Machi 12

Kikao cha kupitia kifo kimefanyika leo. Watu tisa mezani. Wakauliza kuhusu mgonjwa, muda, mikono, damu. Kisha mjumbe mmoja akauliza kuhusu ubora wa oksitosini. Nilifungua mdomo. Ninaapa niliufungua.

Dokta Amedeus akatoa nakala za fomu za friji, Desemba mpaka Machi, akazitandaza mezani. Nne, nne, nne. Mwandiko wangu, mwandiko wa Rosine, miandiko ya wengine ambao sikuwahi kuwafundisha lakini walijifunza. Mjumbe akazipitia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Friji halina tatizo," akasema. Wakaandika kwamba mama alichelewa kufika kituoni.

Alifika saa mbili asubuhi, kwa miguu yake. Nikaufunga mdomo. Nikatia sahihi.

Machi 13

Nne.

Machi 19

Nne. Nilimkuta Kasimiri kasimama mbele ya ile fomu, mikono nyuma. Alikuwa anaisoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Aliponiona akanisalimu kwa adabu akaondoka.

Machi 28

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Dokta kumweleza. Ndani alikuwa kwenye simu, anamjibu mtu mkubwa kuliko yeye. "Ndiyo mkuu. Nitakuletea jina, mkuu. Leo hii, mkuu." Sauti yake ilikuwa ile ile yangu ya Desemba. Nilimwonea huruma, na huruma ikanipa sababu ya kurudi. Mwoga hakosi sababu.

Aprili 5

Maji yamechukua daraja njia ya Katumba. Pikipiki zinavushwa kwa kubebwa. Gari la dawa nalo limekwama, siku ya tatu leo. Rosine alikuwa asafiri kesho. Kaja kazini na begi lake, kalisukumia chini ya meza, kavaa aproni.

Aprili 11

Uchungu ulimshika Rosine saa nne asubuhi akiwa anampima mgonjwa presha. Alimaliza kupima, akaandika, akavua saa ya mkononi, akapanda kitandani mwenyewe.

Mtoto wa kike, saa nane kasoro. Nilikuwa nimeivunja chupa ya oksitosini tayari. Rosine aligeuza uso akaiona mkononi mwangu.

"Usijisumbue, dada," akasema. "Hayo ni maji."

Nikamchoma hivyo hivyo, ningefanya nini. Kizazi kilikuwa laini. Nikamwita Kasimiri kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, sikumwita Mtaalamu wala nini, nilimwita mtani. Alikuja na damu kabla sijamtuma mtu, alikuwa ameitayarisha tangu asubuhi alipoona kitanda kimekaliwa na nani. Nilikandamiza kwa mikono miwili, ngumi moja ndani na kiganja juu ya tumbo, dakika ishirini na tano bila kuachia, tukimsukuma hivyo hivyo mpaka chumba cha upasuaji. Njiani nilimwambia asinifie. Nilimwambia kwa hasira.

Dokta Amedeus alifungua tumbo. Mikono ya mtu yule ni mizuri, lazima niandike. Alifanya alichoweza, kisha akatoa kizazi. Rosine yuko hai. Ana miaka ishirini na sita.

Dokta alinikuta veranda, mvua inapiga bati. Kofia ya upasuaji alikuwa bado hajaivua.

"Ile dawa haikufanya kazi hata kidogo," akasema. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilikuambia, Daktari. Tarehe kumi na mbili Desemba. Ulinisimamisha."

Nilimwona anahesabu nyuma, mwezi kwa mwezi, na nikamwona anafika kwa Marsela wa Kasokola.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo niliandika nne. Wengine wakajifunza kwangu kuandika nne. Marsela hakuchelewa."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Alionekana mzee. Halafu akauliza, na sidhani kama alijua anauliza, "Nani mwingine aliandika?"

Aprili 14

Leo Jumatatu, kwenye ripoti ya asubuhi, nilisimama bila kuambiwa. Nikasema yote, friji, mpira, nne, Marsela, Rosine. Dokta akasema waliowahi kuandika nne bila kusoma kipimajoto wanyooshe mikono, na hakuna atakayebandikwa.

Watu thelathini na mmoja. Hakuna mkono. Hata Kasimiri, ambaye hakuandika lakini alijua, alitazama viatu vyake. Sikuwaelewa, au niliwaelewa mno. Nilikasirika mpaka nikaona giza. Dokta naye alikuwa anawatazama mmoja mmoja, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza alipokiona alichokijenga.

Nimepewa barua. Nitaitwa kwenye kamati ya nidhamu baada ya Pasaka. Mpaka hapo naendelea na zamu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine.

Aprili 15

Rosine ananyonyesha. Aliniuliza kuhusu kizazi nami nikamwambia, sikuzunguka. Alimtazama mtoto muda mrefu.

"Usilie wewe," akasema. "Mwandiko ni wangu."

Nilimwambia neno lilikuwa langu. Hajaniambia niondoke, wala hajaniambia nirudi kesho.

Aprili 17

Alhamisi Kuu. Jana mchana friji la wazazi lilibebwa kwenda kwa fundi. Chupa zote zimeharibiwa mbele ya mashahidi, na gari la dawa limefika hatimaye, kwa hiyo oksitosini mpya inakaa kwenye friji la maabara kwa Kasimiri. Tunamwendea kila tukiihitaji.

Leo mchana nimeingia zamu. Pale kwenye friji pamebaki sakafu nyeupe na waya umelala. Fomu bado iko ukutani. Nafasi ya leo asubuhi imejazwa kwa kalamu ya bluu. Nne.

Anayeshika nafasi ya Rosine ni binti anayeitwa Faith, ana siku ya pili kazini. Nilimwita nikamwonyesha.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Friji lenyewe liko wapi?"

"Nimekuta limeshaondolewa." Alikuwa ananitazama kwa adabu, hana hofu hata kidogo. "Ila nafasi isibaki wazi, dada. Nimeambiwa ikibaki wazi unasimamishwa."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akanitajia watu watatu, kila mmoja kwa cheo chake. Wote watatu walikuwa kwenye ripoti ya Jumatatu.